Ufunguo Uko kwa Diwani

Jumatatu, 4 Septemba 1995

Mwezi mzima tangu shirika litupunguze kazi. Orodha ya waliopunguzwa niliipiga chapa mwenyewe! Majina arobaini na moja, langu la ishirini na tisa. Bosi akasema, Odeta, hujakosea hata nukta. Mashine wakaniachia kwa sababu herufi ‘r’ imekatika mguu. Sasa nakaa kibarazani karibu na soko, naandikia watu barua.

Leo amekuja Ng'washi, kiongozi wa akina mama wa mboga. Macho mekundu. Mkwewe Winnie, mwenye mimba ya miezi saba, aliteleza juzi kwenye mawe ya ziwani. Alikwenda kujisaidia. Aende wapi? Choo cha soko kimefungwa tangu Pasaka. Ndani Diwani Iqbal kapanga mifuko yake ya saruji, na ufunguo anao yeye. Winnie kalazwa, mguu umevunjika. Mtoto bado anacheza tumboni, Mungu ni mwema.

Tumeandika sentensi nane. Choo kimefungwa lini, nani kakifunga, kuna nini ndani, Winnie kapatwa na nini, tunaomba ufunguo. Basi. Ng'washi ametia sahihi ya kwanza. Ya pili Nusrat, jirani yangu wa chumba cha tatu, muuza sambusa. Mhindi kama Diwani, lakini Mhindi wa kupanga chumba kimoja kama mimi, na mawe yale ya ziwani anayajua kama mimi.

Jumatano, 6 Septemba

Tumepeleka barua. Diwani katukaribisha soda. Kaisoma polepole, kavua miwani. Kisha—machozi! Machozi ya kweli, nimeyaona yakishuka.

Akasema alijua siku hii itakuja. Kwamba tunamchukia kwa rangi yake. Akaanza Kisukuma, tena Kisukuma kizito kuliko cha Ng'washi: kazaliwa Sengerema, kachunga mbuzi na watoto wenzake, baba yake kazikwa huko.

Ng'washi akamwambia, “Baba, pole. Lakini sisi tumeuliza ufunguo.”

“Mnaona? Hata huruma hamna.”

Tukajikuta tunambembeleza. Mimi nimempa leso yangu! Tumetoka na soda tumboni, ufunguo hatunao. Leso pia imebaki kwake.

Jumamosi, 9 Septemba

Bwana Chenge amekuja kibarazani. Anagombea udiwani kwa chama kipya, kaunda suti, redio ya mkononi. Kasikia habari za choo. Nikafurahi—walau mmoja kasikia.

Kanipa karatasi nimkatie stensili ya vipeperushi. Naisoma: “WAZAWA AMKENI! Magabacholi wamekalia uchumi, wamekalia viwanja, sasa wamekalia na vyoo! Warudi kwao!” Na matusi mengine kwa Wahindi nisiyotaka kuyarudia hapa.

Nikamuuliza, saruji je? Na Winnie? Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito.

“Mama, watu hawaandamani kwa ajili ya saruji. Saruji ni ya kijivu. Wape rangi!”

Akacheka sana. Mimi nikacheka kidogo. Kwa nini nilicheka?

Nimepiga. Dakika arobaini. Hata kosa lake la tahajia kwenye ‘warudishwe’ nimelisahihisha. Nilijiambia vidole vyangu, maneno yake. Karani wa mahakama si mwuaji. Nimejiambia hivyo tena wakati wa kula.

Jumanne, 12 Septemba

Mkutano wa Chenge, uwanja wa shule. Umati! Saa kumi jioni kapanda jukwaani, kapaza sauti: “Mwangaluka!” Hiyo ni salamu ya asubuhi. Wazee wakavunjika mbavu. Mzawa kakulia Dar, Kisukuma anacho cha kuombea maji tu. Anayetakiwa arudi kwao ndiye angeweza kumfundisha.

Lakini alipofika kwenye Magabacholi kicheko kikageuka. Watu wakasimama. Majirani zangu, watu wapole. Fundi viatu Maige, ambaye hajawahi kumgombeza mbwa, anarusha ngumi hewani.

Ng'washi kanyoosha mkono. Je, mheshimiwa mtarajiwa akishinda, choo kitafunguliwa siku gani?

Chenge: swali zuri sana. Zama za mageuzi hizi. Choo kitatafutiwa mwekezaji. Mwekezaji mzawa!

Makofi. Ng'washi bado kanyoosha mkono, makofi hayaishi.

Alhamisi, 14 Septemba

Wamemwaga sinia la Nusrat.

Vijana watatu, mchana kweupe, mlango wa sokoni. Sambusa zikasambaa kwenye tope. “Rudi Bombei!” Kajibu Bombei haijui, mbali kabisa alikowahi kufika ni Shinyanga, harusini. Wakacheka. Mmoja kamvuta mtandio, sikio limechanika kwenye hereni. Maige alikuwa pale. Kainamia kiatu.

Jioni Nusrat kaja mlangoni kwangu, pamba sikioni, kipeperushi mkononi. Nikaanza pole, pole mdogo wangu, dunia imeharibika. Kaweka kidole kwenye karatasi, kwenye ‘r’. Kisha ‘r’ nyingine. Na nyingine.

“Dada Odeta. Umepiga vizuri. Hakuna kosa hata moja.”

Karudi chumbani kwake. Nimesikia komeo.

Jumapili, 17 Septemba

Misa sikuifuata. Padri aliongea, sikumsikia.

Nafika nyumbani, gari la Diwani linaningoja! Sijawahi kumwona ana furaha hivyo. Kipeperushi kimemfufua. Wazee wa chama chake wamekwenda kumpa pole, shehe kampigia simu, mwandishi wa gazeti anakuja kesho. Anataka nimpigie tamko: “Nimebaguliwa.” Kurasa tatu. Nimezipitia zote. Choo hakimo. Kilikuwa katikati ya vidole vyangu juzi, leo kimeyeyuka.

Nikasema, Mheshimiwa, kumbe aliyeumizwa ni Nusrat. Sikio limechanika. Tumwandike humu.

“Nusrat yupi?”

“Wa sambusa. Jirani yangu.”

“Aa, yule.” Katafuta maneno. “Wale si wa jamii yetu hasa. Mama yake alikuwa... mchanganyiko. Familia za namna ile, unajua.”

Sijui. Nikamuuliza ufunguo. Kaniangalia kwa huzuni kubwa—hata wewe, mama, katika wiki kama hii?

Tamko sikulipiga. Nimemwambia utepe wa wino umekwisha. Utepe ni mpya. Ushujaa wangu wote wa mwaka huu ni huo, uongo kuhusu utepe.

Jumatatu, 18 Septemba

Winnie kajifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, mdogo mno, wanamlaza kifuani kwa mama apate joto. Ng'washi kaja moja kwa moja kutoka hospitali, hajalala, hajaoga, lakini kanyooka kama mchi. Ijumaa wagombea wote wawili, Diwani na Chenge, wanakuja shuleni kujibu wananchi. Barua isomwe pale, mbele ya wote. Nisome mimi, maana nasoma kama redio.

Nimeipiga upya. Ikatakiwa sahihi zilezile. Nikaenda kwa Nusrat. Mlango haukufunguka, kaongea kutoka ndani.

“Sema mbele yao kwamba karatasi ile ulipiga wewe. Ukishasema, nitatia sahihi yangu pale pale.”

Nilimpelekea Ng'washi jibu. Ndipo naye akajua. Sikuwa nimemwambia. Akakaa chini kwenye ngazi.

“Odeta. Hata wewe?”

Kisha, kwa sauti ya mtu aliyechoka: nisithubutu kusema. Nikikiri tu, Diwani atasimama na kusema, mmeona, barua ya choo na matusi vimetoka mashine moja, vyote ni ubaguzi. Atalia. Atashinda. Choo kitabaki na saruji. “Mkwe wangu kazaa mtoto wa gramu elfu moja na mia tatu kwa sababu ya choo kile. Dhamiri yako ingoje.”

Ana haki. Nusrat naye ana haki. Sikujua haki zinaweza kupigana.

Alhamisi, 21 Septemba

Nusrat kauza sambusa leo. Kasimama palepale mlangoni. Nilinunua mbili. Kanifungia kwenye gazeti, kanirudishia chenji, kasema asante mama. Mama! Siku zote ni dada Odeta.

Ijumaa, 22 Septemba. Shuleni, saa tisa na robo

Naandika nyuma ya barua yenyewe. Mwenyekiti kaahirisha robo saa watu wapoe.

Ilikuwa hivi. Kila mwananchi dakika mbili. Niliposimama, ukumbi kimya. Nikasoma sentensi ya kwanza: “Choo cha soko letu kimefungwa tangu Pasaka.” Sijavuta pumzi, mtu wa nyuma: “Na Gabacholi!” Ikalipuka. Warudi kwao! Wengine: wabaguzi nyie! Madawati yanapigwa. Choo? Hakuna mtu aliyesema choo.

Nikawatazama mezani. Chenge yuko juu ya kiti anapiga makofi. Diwani kafunika uso kwa leso—leso yangu ile—mabega yanatikisika, na mwandishi wa gazeti anampiga picha. Wote wawili wanapata walichokuja kukipata. Nikadhani sasa watashikana mikono.

Hapa nje Chenge kapita akaninong'oneza, umefungua vizuri mama, kamata hapo hapo. Nusu dakika baadaye katibu wa Diwani: tunakushukuru, umeudhihirishia umma. Nimemsaidia kila mtu! Sentensi moja tu!

Ng'washi kaja na maji kwenye kikombe. Anasema nianzie sentensi ya pili, nisome haraka, nisiinue macho. Mwenyekiti kasema muda wangu unaendelea ulipoishia: dakika moja na nusu. Nimepima kwa saa ya ukutani, nikiitazama dirishani. Sentensi saba za choo zinameza dakika moja na nusu kamili. Ya kwangu, kwamba kipeperushi nilikipiga mimi, ni fupi, lakini ikiingia, ya ufunguo inabaki nje. Nikiitanguliza, hakuna atakayesikia nyingine. Nikiiacha mwisho, kengele.

Na nikiisema, labda watanyamaza. Labda hawajawahi kusikia mtu akisema nilikosea kwenye mkutano wa siasa. Labda watanipiga.

Kengele. Tunaingia. Ng'washi kanishika kiwiko, hanivuti, kanishika tu. Nusrat kaja! Kapita katikati yao wote na sinia lake tupu kichwani, pamba bado sikioni. Maige kampisha. Kaketi benchi la mbele kabisa, sinia magotini. Kafungua kalamu. Ananitazama mdomo, si macho.

Mwenyekiti anasema, mama, endelea. Natakiwa kugeuza kara—