Tenki Ulilonikataza Kulifungua

Kalangalala, Geita

Kwako Baba,

Mwangaluka, na shikamoo juu yake, maana najua moja haikutoshi. Natumaini barua hii inakukuta uani pale Ngokolo, miwani puani, na goti limekupa nafuu. Mimi mwili hauna neno. Kichwa ndicho kimeduwaa, na sababu ni wewe.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati kila jioni unanipigia. Kwanza, kwenye simu huwa unauliza "Gari zima?", nikijibu zima, unakata. Pili, simu yako unaiweka spika na Shangazi habanduki pembeni yako. Haya si ya kusikiwa na Shangazi. Isome peke yako.

Nilikwambia kwamba tangu mvua zianze lori lilikuwa linakohoa na kukosa nguvu. Dizeli tunayonunua kwenye madumu huku machimboni ina maji na uchafu, kila mbeba mawe analia. Nilibadilisha filta, likatulia, likaanza tena. Nilitoa upepo kwenye mabomba ya mafuta kwa pampu ya mkono mpaka kiganja kikachubuka. Ambalo sikukwambia ni kwamba lilinizimikia mlimani, nimebeba mawe ya dhahabu ya watu kuyapeleka kusagwa. Usukani ukawa mgumu, lori likaanza kurudi nyuma, na huko nyuma kulikuwa na akina mama wanaouza uji. Nilichoweza ni kulikatia pembeni likajigonge kwenye ukingo wa barabara. Hakuna aliyeumia, ila niliposhuka nilikaa kwenye tope watu wakinitazama.

Fundi Hamisi, anayetengeneza malori hapa mtaani kwetu, ndiye aliyesema tuache kubahatisha. Akashauri filta mbili: ya kwanza kubwa, yenye kikombe cha kioo chini kinachonasa maji, ukiyaona unafungua koki unayamwaga; ya pili ya kuchuja vumbi lile dogo kabla halijafika kwenye pampu ya nozeli. Pia pampu ndogo ya umeme ya kusukuma mafuta kutoka kwenye tenki, injini isiyavute peke yake. Nilipokueleza ulikubali yote, nikashangaa, kwa sababu hata taa mpya ulizikataa. Ukaongeza neno moja tu: "Wekeni mnachotaka, lakini tenki msilifungue." Nikauliza kwa nini. Ukasema tenki halina shida, ukakata simu. Nikajisemea, mzee ameanza ukaidi wa uzeeni.

Tukafunga kila kitu. Hamisi akawasha pampu ya umeme, mafuta yakaja kidogo, yakakatika. Akapuliza bomba kwa kompresa, yakaja, yakakatika tena.

"Kuna kitu kinaziba humo ndani," akasema. "Masanja, hili tenki lishuke."

"Mzee amekataza."

"Mzee yuko Shinyanga. Mlimani unapanda wewe."

Tukalishusha. Hamisi akaingiza ndoano, akavuta, kikatoka kitambaa. Kilikuwa kimeoza nusu, nyuzi zinaning'inia, lakini ukingo wake mwekundu bado unaonekana. Nilikitambua palepale. Ni kile kitambaa cha upako ambacho Shangazi alikileta kutoka kanisani siku naondoka, akakifunga kwenye kioo cha ndani. Wewe ulikinyofoa mbele ya watu wote, ukasema gari haliombewi, gari linafanyiwa sevisi. Shangazi alilia. Mimi nilicheka, nikajiona kweli mtoto wa baba yake. Ukaenda nacho nyuma ya nyumba, na sote tukajua umekitupa jalalani.

Kwanza nilimdhania Shangazi. Nikawaza amekiokota akakitumbukiza kwenye tenki, na nikaanza kupanga maneno makali ya kumwambia. Ndipo Hamisi aliponionyesha kipande cha waya kilichobaki shingoni mwa tenki, kwa ndani. Kitambaa kilikuwa kimening'inizwa hapo juu kisiguse mafuta, na mitikisiko ya barabara za huku ikaukata waya, kikatumbukia. Waya ule umesokotwa kwenda kushoto, na ncha yake imekunjwa ndani isimchome mtu. Baba, namjua mtu mmoja tu anayefunga waya hivyo. Ndiye aliyenifundisha, na kila nilipoacha ncha nje alinipiga kofi la kisogo.

Nilikaa kwenye tairi. Hamisi akaniuliza kama nimepata habari ya msiba. Wewe, uliyeendesha malori ya pamba ujana wako wote bila hata rozari kwenye kioo. Wewe, unayejua kuliko sisi wote kwamba kitambaa hakiwekwi kwenye tenki. Nimekasirika, sikufichi, maana kitu hicho kilikaribia kuniua mimi na wale mama wa uji, na hasira yenyewe bado ipo kidogo. Lakini kila ikipanda nakuona ukizunguka nyuma ya lori na koleo la kusokotea waya mkononi, ukigeuka kutazama kama kuna anayekuona. Sikujua kwamba na wewe huwa unaogopa. Miaka yote niliyoishi nyumbani kwako sikulijua hilo, na mpaka sasa ninapoandika bado sijalizoea.

Tenki tumelisafisha, na lori linapanda mlima ule bila kukohoa. Asubuhi nafungua koki, namwaga maji, nafunga, naondoka. Kitambaa nimekifua, ingawa harufu ya dizeli imegoma kutoka, nikakifunga nyuma ya kiti changu, mbali kabisa na mafuta. Waya nimeusokota mwenyewe. Ncha iko ndani.

Nisalimie mdogo wangu Nyanzala anayekupikia, na jirani yetu fundi baiskeli. Shangazi msalimie zaidi ya wote, na moyo ukikuruhusu, mwombe radhi kwa siku ile. Sababu si lazima aijue.

Jioni ukipiga simu usibadilishe kitu, Shangazi asije akashtuka. Uliza tu kama gari zima. Nitakujibu kwamba mimi ni mzima.

Mwanao,
Masanja