Chipu za Gemu Kwenye Gunia la Dagaa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Semeni binti Leonardi
Umri: Miaka 54
Kazi: Kuanika na kuuza dagaa
Makazi: Kibirizi, Kigoma
Tarehe: 18/2/1999, kuanzia saa 4:15 asubuhi

Nimeonywa niseme kweli. Sina sababu ya kudanganya, maana kosa lenyewe ni langu.

Ninamfahamu Zénon Nshimirimana, mkimbizi kutoka Burundi, tangu mwaka 1996. Kwao alikuwa fundi redio. Hapa anaishi Katubuka kwa kibali cha kukaa nje ya kambi, pamoja na mkewe Léoncie, na kazi yake ni kutengeneza kaseti za gemu, zile za kuchomeka kwenye mashine za zamani za kuchezea kwenye televisheni. Dukani hazipatikani tena. Zénon huiandika gemu kwenye chipu kwa kimashine chake, kisha huilehemu chipu hiyo ndani ya ganda la kaseti mbovu. Alikimbia vita amekikumbatia kimashine hicho, godoro akaliacha. Léoncie hajamsamehe mpaka leo.

Chipu zenyewe huzitoa kwenye vyombo vilivyokufa, zikiwa na mambo ya zamani ndani yake. Ili yafutike lazima zipigwe na jua kali wiki nzima, kupitia kidirisha cha kioo kilicho mgongoni mwa kila chipu. Kwake kuku walikuwa wanazidonoa, hivyo akaniomba aziweke kwenye kichanja changu cha dagaa. Nilimkubalia kwa sharti moja, kwamba kila Jumapili nicheze gemu zake mpaka nichoke. Sijawahi kuchoka.

Mnamo tarehe 16/2/1999, siku ya Jumanne, saa 7:40 mchana, chipu kumi na moja zilikuwa kichanjani kwangu kwenye sahani ya bati. Mvua ilishuka ghafla. Kwetu Kibirizi mvua ikija hakuna dagaa wa mtu. Kila mwenye mikono anazoa kilicho mbele yake, na wenyewe hutambuana baadaye. Mimi nilikimbilia dagaa wa Mwanvua, jirani yangu, aliyekuwa amekwenda zahanati. Wengine wakazoa wangu, sahani na vyote vilivyokuwamo. Nilipoletewa gunia nilipaswa kulikagua. Nililishona bila kutazama, kwa sababu nilikuwa napiga soga.

Tarehe 17/2/1999 asubuhi Bonaventura, mfanyabiashara, alilinunua gunia hilo. Jioni alilifungua akakuta vidude vyeusi vyenye miguu pande mbili, akadhani ni vya bomu, akaja kuripoti hapa kituoni. Simlaumu. Ukitazamwa na jicho la kioo kutoka ndani ya dagaa, lazima ukimbie. Askari walipouliza pale mwaloni, mitumbwi inaposhushia dagaa, watu wakasema mambo ya nyaya ni ya Zénon.

Leo saa 12:30 asubuhi Zénon alikamatwa nyumbani kwake pamoja na vifaa vyake. Léoncie alikuja kwangu analia, akasema kibali kimechukuliwa na jina la mumewe limeandikwa kwenye orodha ya gari la kesho saa mbili, arudishwe kambini. Nilikuja hapa hapo hapo bila kuoga, nanuka dagaa, na afande anayeandika amekwisha kufungua madirisha.

Afande huyo, Koplo Polycarp, aliniuliza nitathibitishaje. Nilimwomba ile televisheni ya chumba chao cha mapumziko, na mashine ya kuchezea iliyokamatwa pamoja na vifaa vya Zénon. Saa 5:10 Zénon alitolewa mahabusu. Alipewa bisibisi yake. Alifungua kaseti moja iliyokamatwa, tukaona chipu ya namna ile ile, kidirisha kimezibwa kwa karatasi ili jua lisiifute gemu. Akaifunga, akaichomeka. Kabla ya gemu kuanza, kioo cha televisheni kikaonyesha neno alilolitia yeye mwenyewe: AMAHORO.

Afande, ambaye kwao ni mbali, aliuliza maana yake. Nilimwambia ni amani kwa Kirundi, nasi huku Kigoma tunasalimiana hivyo. Akavuta kiti na kuomba afundishwe kushika pedi ya kuchezea.

Tulishindana mbio za pikipiki. Nilimshinda mara tatu, askari wakashangilia hadi mahabusu wengine wakauliza kuna nini. Nilifurahi sana, siwezi kuficha. Zénon aliniinamia akasema, "Urakoze cane, asante sana, mama. Ni mimi niliyekuletea shida hii." Nilimwambia anyamaze, atanigongesha pikipiki.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeelewa, naweka dole gumba langu. Ninaomba Zénon asipande gari lile.

(Dole gumba) Semeni binti Leonardi

Mimi, Koplo Polycarp, nathibitisha kuwa nimeandika kama shahidi alivyosema. Ninasahihisha jambo moja: alinishinda mara mbili, ya tatu umeme ulikatika. Nimejiridhisha kuwa vielelezo si vya mlipuko, na mkuu wa kituo amekubali. Chipu zote kumi na moja amerudishiwa mwenyewe. Jina la Zénon Nshimirimana limefutwa kwenye orodha ya gari, na kibali amekabidhiwa. Ametoka saa 8:05 mchana akiwa na mkewe, kwa miguu, wakielekea nyumbani kwao, Katubuka.