Mtende Wetu wa Malaz

Mjukuu wangu Rahma,

Hapa Riyadh sote wazima, alhamdulillahi. Babu yako kapata miwani mipya na sasa anaona makosa yangu yote.

Unaniuliza kuhusu ule mti wa elm mbele ya chumba chako huko Uholanzi. Majani yananyauka, na ukiripoti ugonjwa watu wa manispaa watakuja kuukata. Useme au unyamaze?

Nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, niliweka sikio kwenye mtende wa uani kwetu, mtaa wa Malaz hapa Riyadh, nikasikia kitu kinatafuna ndani. Nilijua ni yale madudu mekundu yanayoila mitende kwa ndani na kuhamia mingine, na kwamba baba ataukata. Niliupenda mno, nikanyamaza.

Ijumaa moja nikamkuta baba anafunga juu ya gari mche uliochipua shinani mwa mtende uleule, ampelekee shangazi yangu Jeddah. Ndiyo desturi yetu: mtu akisifu tende zako, unampa na mche. Na shangazi alikuwa na mitende sita mizima uani kwake.

"Baba, usiupeleke! Una wadudu."

Akaupasua mche kwa panga, akawaona. Akauliza tu, "Umejua tangu lini?"

Mtende wetu ulikatwa na kuchomwa siku ileile. Nililia, lakini kifua kilikuwa chepesi.

Jana nimeletewa tende kutoka Jeddah, za mitende ile sita. Nazila huku nakuandikia. Wewe toka nje, uziangalie elm nyingine za mtaa wako ambazo bado nzima, kisha nenda kaseme.

Bibi yako,
Zuwena