Kupe Chini ya Boneti

Jumatatu, 11 Septemba 1972

Ningekuwepo siku punda anaumbwa, leo punda angekuwa na gia nne na breki. Astaghfirullah — lakini kweli! Toka Tanga mpaka Moshi hakuna kijana anayejua injini kama mimi, Sadala wa Old Korogwe. Shule niliishia darasa la tano. Mwalimu anasema ni utoro. Mimi nasema nilimaliza mapema.

Leo gereji imepata mgeni. Datsun nyekundu! Ya Kaka Gregori, fundi umeme wa shamba la mkonge. Kainunua kwa Mmarekani wa mradi wa maji Handeni aliyerudi kwao. Jumapili inaingia mashindano, Korogwe mpaka Handeni na kurudi. Mshindi ataendesha Dar kwa jina la mkoa. Mtu wa Korogwe hajawahi kwenda. Hata mmoja!

Mzee Mhina, bosi wangu, kafungua boneti, kanyamaza. Akinyamaza ujue kaona kitu. Akanionyesha pampu. Si ya maji, si ya petroli — ya hewa! Inapuliza hewa safi kwenye bomba la moshi, moshi uungulie humo humo kabla ya kutoka. Eti Marekani serikali imeukasirikia moshi wa magari. Nikasema waje jikoni kwa mama siku za masika, kuni mbichi, ndio watajua moshi. Mzee kacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye grisi.

Pampu yenyewe inazungushwa na mkanda wa injini. Injini inatoka jasho, yenyewe inakula nguvu tu. Mzee akasema: "Huyu kupe."

Kupe! Kama wale wanyonyaji wanaotajwa kwenye mikutano ya chama. Nimeipenda hiyo.

Jumanne, 12 Septemba

Tumemng'oa kupe. Bolti zilikuwa na kutu, moja ilikatika nikatukana, Mzee akaniambia hiyo bolti haina masikio. Vibomba vyake vyote tumetoa, matundu manne kwenye manifodi, pale bomba la moshi linapoanzia, tumeziba kwa bolti fupi. Safi kama jino lililong'olewa. Pampu iko mezani, Mzee anataka kumpelekea mhunzi ajaribu kuifanya mvukuto. Kichwa cha mzee yule!

Halafu kashusha giaboksi, kabadilisha sili ya nyuma ya injini, ile inayozuia oili isivuje. Anaipachika kwa vidole viwili, taratibu, kama anamvisha mtoto mchanga kofia. Mimi natumia nyundo. Nakubali, kwa hilo kanizidi. Kwa hilo tu.

Jumatano, 13 Septemba

Limeimba! Gregori kalijaribu barabara ya Kerenge. Linavyopanda! Zamani lilikuwa linakohoa ukikanyaga, sasa linanguruma kama limetukanwa. Gregori kanipiga bega. Bega bado linauma, sioshi.

Msoma ramani ni dada yake, Dorkasi, mwalimu wa Kilole. Gari lilitengenezewa soko la Marekani, usukani uko kushoto, kwa hiyo Dorkasi anakaa kulia, pale watu walipozoea kumwona dereva. Tulipopita sokoni wanawake walipiga kelele — mwalimu anaendesha gari mbio huku anasoma karatasi! Bibi mmoja aliacha nyanya zake akakimbilia uchochoroni. Dorkasi akampungia mikono yote miwili. Mikono yote miwili! Nikioa, nioe mtu wa namna hiyo. Mwenyewe ananiita "Fundi Maneno". Si vibaya. Fundi ni fundi.

Jioni katibu wa tawi kaja, kauliza, Ndugu Gregori, gari la kukimbia linamsaidiaje mkulima? Gregori akasema likishinda jina ni la Korogwe, likishindwa jina ni lake. Katibu akaguna. Halafu akaomba kukaa ndani kidogo. Kakaa sana.

Ijumaa, 15 Septemba

Mzee kaenda kuswali. Mimi nilisema tumbo. (Mungu anajua, na tumbo linajua.)

Nimekagua injini peke yangu na nimekamata kupe wa pili! Kuna mpira unatoka kwenye injini kwenda kwenye chujio la hewa. Unachukua moshi mchafu wa ndani ya injini, unairudishia injini inywe tena. Nani anakunywa maji aliyoogea? Tena na vumbi la Handeni, lile jekundu linaloingia mpaka kwenye meno — si litapita humo humo? Basi nimetangaza Azimio chini ya boneti. Nimekata kipande cha tairi, nimekisokomeza ndani ya mpira, nimeurudisha mahali pake. Ukiutazama huoni kitu. Mzee nitamwambia baada ya ushindi, mbele za watu, nione atakavyoshangaa.

Sifa moja nijiwekee mwenyewe jamani.

Jumamosi, 16 Septemba

Handeni. Tumetangulia na lori la mkonge, mimi na Mzee, tuwangojee hapa kesho na petroli na tairi. Vumbi! Mzee kanipa nusu ya muhogo wake bila kuulizwa. Njiani kutwa anasikiliza magari yanayotupita, anataja ugonjwa wa kila moja kama daktari. "Huyo plagi." "Huyo hana muda mrefu." Hilo la pili tulilikuta mbele limesimama, dereva kakaa kwenye jiwe.

Jumapili, 17 Septemba

Naandika nimekaa nyuma ya lori, Handeni, mchana.

Wa kwanza! Gregori kafika wa kwanza! Peugeot ya Tanga ilikuja vumbi lake limeshatua. Watu walipanda mpaka juu ya paa la duka. Gregori kashuka mwekundu mwili mzima, meno tu ndiyo meupe. Dorkasi sauti imekauka kwa kutaja kona, anaongea kwa vidole. Kuna mchunga ng'ombe, Mepukori, alifika baadaye kwa baiskeli anatafuta "yule wa gari jekundu". Nikajua ugomvi. Kumbe anataka kumshika mkono. Ng'ombe wake walikuwa wametanda barabarani, Gregori kapita pembeni porini, akarudi barabarani, hata ndama hakugeuza shingo. Mepukori anasema hajaona udereva kama huo.

Na mimi sikuona, nilikuwa hapa. Lakini nimeona oili.

Inadondoka nyuma ya injini, tone juu ya tone, vumbi linakuwa jeusi. Nikajua hapo hapo. Injini imekosa pa kupumulia, imejisukumia oili kwenye sili mpaka sili ikashindwa. Mpira wangu. Kupe wangu wa pili.

Gregori akauliza nani kagusa injini baada ya Jumanne. Hakuwa na hasira, aliuliza tu, apate pa kuanzia. Akanitazama mimi. "Sadala, wewe uligusa?"

Nikasema: "Kila kitu kafunga Mzee mwenyewe."

Ilitoka kama chafya. Mzee alikuwa pale pale, ameshika bakuli la oili. Akanitazama, si sana. Akasema: "Kama kijana anasema ni mimi, basi ni mimi. Sili nimeiweka kwa mkono wangu."

Mtu mmoja wa ile Peugeot ya Tanga akacheka, "Mzee, macho yamekwisha, rudi kulima." Watu wakacheka naye. Mzee akaweka bakuli chini, akaingia chini ya gari.

Yuko huko mpaka sasa. Anatafuta kosa kwenye kazi yake, na kazi yake haina kosa. Magari yanaondoka baada ya adhuhuri. Watajaza oili, wataondoka, itamwagika tena, injini itakufa katikati ya pori. Gregori na Dorkasi wakiwa ndani. Kipande cha tairi nakitoa kwa bisibisi, muda wa kunywa maji tu. Kingetoka sasa, kwa oili ya kuongeza njiani, huenda wangefika.

Mpira ni ujinga, ujinga nimewahi kufanya mwingi. Kilichoharibika kweli ni kimoja. Nilimsingizia Mzee Mhina mbele za watu, naye akapokea.

Waadhini wameshaadhini. Dorkasi anafunga kitambaa kichwani. Mzee ananiita kutoka chini ya gari — "Sadala, mwanangu, niletee spana kumi na nne." Sauti yake ile ile ya kila siku.

Ninayo mkononi. Na bisibisi ninayo.