Kwa Adhiambo, Niliyemwondoa Timuni kwa Hesabu Mbovu

Mpendwa Adhiambo, binti yangu,

Najua jina hilo hulisikii sana kinywani mwangu. Tangu ulipopewa jina la marehemu mama yangu nimekuita Mama, na wewe ukazoea kunituma dukani kama mtoto wako. Leo naanza na jina lako ili kila atakayesoma ajue ninayemwomba radhi ni nani. Barua hii nimeiweka kwenye kundi la simu la timu, na wazazi wote wamo. Siku nilipokuondoa nilisimama katikati ya uwanja nikapaza sauti, hadi wauza njugu wakageuka. Nikikunong'onezea msamaha sasa, nitakuwa nimekupunja.

Basi, Mama, unakumbuka tulivyoanza? Ulikuwa na miaka tisa. Nilikata kitako cha ndoo ya rangi, nikaipigilia kwenye ukuta wa nyuma wa duka pale Otonglo, tukawa tunatupia mpira wa miguu kwa sababu wa vikapu hatukuwa nao. Kabla hujamaliza darasa la nne ulikuwa unanifunga kila jioni. Majirani walisema, "Baba Adhiambo anamwachia mtoto." Nikawa natabasamu tu, kama mtu mwenye siri. Leo nasema ukweli: sikuwa nakuachia. Mimi shuleni nilikuwa mchezaji wa akiba wa kudumu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kushika masweta ya wenzangu, na hata hayo niliyachanganya.

Halafu ikaja ile semina ya makocha kule Maseno, siku mbili. Nilirudi nimebadilika kama mtu aliyeokoka. Niliwaambia mezani kwamba pointi peke yake zinadanganya: anayefunga nyingi huenda ametupa mipira mingi zaidi ikapotea, na asiyefunga kitu huenda ndiye anayewafungulia wenzake njia. Inabidi uhesabu kila mtupo, ulitupwa kutoka wapi, katika kipindi gani, na timu inafanya nini mtu akiwa uwanjani na akiwa benchi. Cheti nikakitia kwenye fremu. Mama yako akakitazama, akasema, "Cheti cha siku mbili, fremu ya miaka ishirini." Ulicheka hadi chai ikakupalia.

Lakini ni wewe uliyenisaidia. Ulinionyesha jinsi ya kutengeneza jedwali kwenye kompyuta, ukakaa kando yangu nikidonoa herufi kwa kidole kimoja kama kuku. Ulisema, "Baba, mechi itaisha, fainali itaisha, wewe bado uko robo ya kwanza."

Hilo jedwali ndilo nililokuja kukupigia nalo.

Tulikuwa tumepoteza mechi tatu mfululizo hapa nyumbani. Nikaona kwamba kipindi cha kwanza mitupo yako ya mbali ilikuwa inaingia vizuri, na kipindi cha pili inaanguka vibaya kuliko ya mchezaji yeyote. Nikajiambia, huyu anachoka. Baada ya mechi ya tatu nikatoa karatasi mbele ya timu nzima na wazazi.

"Adhiambo, kipindi cha pili huna miguu. Nafasi yako nampa mwingine."

"Baba, sijachoka. Ni upepo."

"Upepo unawapiga wote, Mama. Namba hazina undugu."

Watu wakacheka. Nami, aibu yangu, nikafurahi kwamba wamecheka. Ulikaa chini, ukavua viatu, ukafunga kamba zake pamoja, ukasema, "Sawa, kocha." Hukusema Baba.

Wiki mbili baadaye ulipata kazi Port Victoria, ya kupima samaki kwenye banda la mfanyabiashara. Tunaongea kwa simu. Unauliza habari za mama yako, za ng'ombe, hata za paka. Timu huiulizi.

Niandike na hili, ingawa kalamu inakataa. Wazazi wawili walikuwa wameshaanza kusema kwamba kocha anampendelea bintiye. Nilipoona namba zinakushtaki, moyoni nilishusha pumzi. Nilipata nafasi ya kuonekana mtu wa haki, na nikaichukua bila kukagua hesabu mara ya pili. Kama ungekuwa binti wa mtu mwingine, ningekagua.

Ulipoondoka nikawakimbiza wenzako kuzunguka uwanja ili wasichoke kipindi cha pili. Nekesa, yule mrefu wetu anayecheza chini ya kikapu, alinijia akihema: "Kocha, tumekimbia mpaka karibu tufike Busia, na mipira bado haiingii. Labda tuikimbize hiyo mipira." Nikamwongezea mizunguko miwili. Namwomba radhi naye hapa hapa.

Mwezi uliopita wageni walifika mapema. Unajua desturi yetu: sisi wenyeji tunakaa upande wa kivuli cha ukuta, wageni wanakaangwa na jua. Safari hii walikuwa wamekwisha kukaa kivulini, mabegi wametandaza. Nikawaambia hapo ni petu. Kocha wao, mama mmoja mkali, akaniuliza, "Kwani hiki kivuli, Mzee, kina hati ya shamba?" Tukakaa juani.

Na kwa kuwa benchi ndilo linaloamua timu inaanza kushambulia kikapu kipi, siku hiyo tulianza na kikapu cha upande wa ziwa, upepo ukiwa bado mdogo. Kipindi cha pili, upepo wa alasiri ulipopanda kutoka ziwani, tukawa tunatupa ukiwa mgongoni mwetu. Mipira ya mbali ikaingia. Wageni, wakitupa kuelekea ziwani, mipira yao ikawa inakwama hewani kama imesahau kitu. Nilisimama mdomo wazi. Nekesa akapita mbio akasema, "Kocha, leo hatujachoka?"

Nikarudi kwenye jedwali. Kosa nililiona hata kabla chai haijapoa. Kila mtupo nilikuwa nimeuchora kwenye picha moja ya nusu uwanja, kana kwamba vikapu viwili ni kimoja. Nikavitenganisha. Kikapu cha ziwani, alasiri, kimemnyima kila anayetupa kutoka mbali, wetu na wageni. Wewe ulionekana mbaya kuliko wote kwa sababu ndiye uliyetupa kutoka mbali kuliko wote. Nekesa na wenzake wanafungia chini ya kikapu, upepo unawahusu nini? Mechi za ugenini, kipindi cha pili ulikuwa sawa na cha kwanza. Miguu yako haikuwa na shida yoyote. Ni mimi niliyekuwa nakupeleka upeponi kila wiki kwa ajili ya kupenda kivuli.

Kisha nikafanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kwanza. Nikatazama tulifunga ngapi na tukafungwa ngapi ukiwa uwanjani, halafu ukiwa benchi. Hata katika zile mechi tatu, hata ulipokosa, timu ilikuwa bora ukiwa ndani. Walinzi walikuogopa, wakakufuata mbali, na chini ya kikapu kukabaki nafasi. Ulipotoka, walirundikana wote juu ya Nekesa. Nilimwonyesha. Akasema, "Mimi hilo nililijua mgongoni, Kocha. Hukuniuliza."

Nilirudi nyumbani na karatasi zangu. Mama yako akaniwekea mkono begani, akasema, "Mos, pole mzee," vile anavyompoza mtoto aliyeanguka.

Asubuhi yake niliandika jina lako kwenye orodha ya mashindano yajayo. Mama yako akauliza, "Umemwuliza mwenyewe?" Nikalifuta. Mstari huo nimeuacha wazi, na hakuna mzazi wala mchezaji atakayenifanya niujaze na jina lingine kabla sijasikia jibu lako. Wakisema napendelea, waseme. Safari hii nimekagua.

Jumamosi, kabla ya mazoezi, nitasimama pale pale katikati na kuisoma barua hii kwa sauti ile ile. Jumapili nitapanda gari la kwanza kuja Port Victoria. Kompyuta naiacha nyumbani. Nikikukuta kazini nitakaa nje ya banda mpaka umalize. Ukitaka kunikemea, nina siku nzima. Ukisema mchezo basi, nitaukata ule mstari kwa mkono wangu na nitaendelea kuja kila Jumapili. Timu inaweza kukukosa. Mimi nimejaribu, Mama, siwezi.

Samahani, mwanangu.

Baba yako