Taa ya Bluu Inakungoja

Kibet, mdogo wangu,

Tulikuzika upande wa juu wa shamba, pale majani ya chai yanapoishia. Mvua ilitunyeshea hadi pasta akafupisha maombi. Ungecheka.

Taa zako bado ziko kwenye ukuta wa jikoni. Nilikutania sana wakati ule: Mama hasikii, lango limelegea, na badala ya kulitengeneza wewe unaliwekea taa! Ya kijani humetameta mtu akilifungua. Nyekundu, maji yakipungua kwenye tanki. Bluu, simu yako ikishika WiFi ya nyumbani, ili Mama ajue umefika, ainjike chai. Ulinifungulia ile programu ya Python inayoziendesha, kwenye laptop yako ya Linux, nikagusa kidogo tu, taa zote zikaganda.

"Wee sista, umeweka sleep ya kawaida! Sasa moja ikilala, zote zinalala. Weka await. Hiyo ingoje yake, zingine ziendelee."

Baada ya ile ajali ya pikipiki, hospitalini Kapkatet walitukabidhi viatu vyako na simu kwenye mfuko. Nilipofika nyumbani niliiwasha nitafute picha yako ya kutumia mazishini. Taa ya bluu ikaanza kumetameta.

Mama aliiona kabla yangu. Aliinuka, akamimina maziwa kwenye sufuria, akachukua kikombe chako kile kikubwa. Halafu akabaki amekishika, akiutazama mlango. Kibet, hapo ndipo nilipolia.

Nilizima simu. Akanishika mkono, akaonyesha taa, akaashiria niwashe. Tangu siku hiyo alikuwa akiniomba, nami nikikataa. Tulikula bila kutazamana.

Jana shangazi alisema ning'oe kila kitu, Mama apumzike. Nikafungua laptop nifute sehemu ya taa yako ya bluu. Nikaisoma pole pole. Kumbe haifanyi lolote ila kungoja simu yako, na kungoja kwake hakuzuii kitu. Mtu akifungua lango, kijani inameta. Maji yakipungua, nyekundu inameta.

Sikufuta. Nilimweleza Mama kwa mikono: haijaharibika, inangoja tu, na zingine zinaendelea. Aliikodolea macho ile taa iliyozimika, kisha akakirudisha kikombe chako kabatini, yeye mwenyewe.

Pumzika, mdogo wangu. Nakuahidi sitagusa hata mstari mmoja wa kazi yako. Simu sitaiwasha tena. Jioni nikifungua lango, Mama ataona kijani, na chai atainjika ya watu wawili.

Dada yako,
Cherono