Goti Jipya la Baba Yenu

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Baba yenu ale kwanza ndipo anywe dawa, kisha mumwekee barafu gotini.

~~Nimeficha mkanda wa cherehani, msimwambie ulipo.~~ Nimeurudisha. Sababu ni hii:

Asubuhi, kabla sijauficha, nimesikia cherehani ikilia, nikadhani ni mmoja wenu. Kumbe ni yeye, anakanyaga pedeli kwa mguu uleule uliobadilishwa goti, mguu ambao kabla ya upasuaji ulikuwa unamliza akivaa soksi tu. Nikamuuliza, "Daktari amekuruhusu?"

Akasema, "Mama watoto, hebu sikiliza kwanza."

Nikasikiliza: hakuna kuguna, ni cherehani tu, kwa mwendo wake uleule wa kabla goti halijamsumbua. Nikakaa sakafuni namtazama tu.

Akizidisha, mzuieni nyinyi. Mimi sina ubavu huo.

Mama yenu